Mjadala: Upimaji wa saratani ya mapafu Zanzibar, tuanze na mashine au na daktari wa mionzi?

Mleta mada (Mkoani, Pemba): Assalam alaykum wana jamvi. Kila ikizungumzwa saratani ya mapafu hapa kwetu, maneno ni mashine tu: ziletwe CT, zile za kupiga picha za ndani ya mwili vipande vipande, wavutaji sigara wapimwe. Mimi napinga, kama daktari bingwa wa mionzi, yule msomaji wa picha hizo, hatokuwemo tokea siku ya kupanga. Wengi wanamuona ni mtu wa kukaa chumba cha kiza akaandika ripoti, basi.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2011, wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana sigara, ulionesha kuwa vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kwa waliopimwa kwa CT ya mionzi midogo kuliko waliopigwa eksirei ya kifua. Hilo silikatai. Lakini karibu robo ya vipimo hivyo vya CT vilionesha kitu cha kutiliwa shaka, na zaidi ya asilimia 95 ya hivyo haikuwa saratani. Sasa sisi, kifua kikuu kimewapitia wangapi kikawaachia makovu na vinundu, yaani vivimbe vidogo, mapafuni? Nani atasema hiki ni kovu la zamani, kiacheni, na hiki cha milimita saba kirudiwe baada ya miezi sita? Akikosea, mzee wa watu anapandishwa boti hadi Unguja, pengine Dar, anachomwa sindano ya kifua kutolewa kipande kidogo cha nyama ya pafu kikapimwe, pafu linatoboka, kumbe hana kitu.

Muuguzi (Wete): Ndugu yangu, ukisubiri mabingwa watimie watu watakwisha. Wanatujia wanakohoa damu, wamekonda, dawa za kifua kikuu washamaliza na hawakupona. Picha zitumwe kwa mtandao, bingwa azisome huko huko hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Na siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoonesha vinundu.

Mleta mada: Dada, hao washaugua, na haki yao ni kupimwa leo. Mimi nazungumzia asiye na dalili yoyote, anayeitwa kutoka kwake mzima. Kompyuta itaonesha kinundu, lakini swali la bingwa ni kama kimekua, na hapo anahitaji picha ya zamani. Picha zenyewe sote tunajua zilipo: ndani ya bahasha juu ya kabati, zimeshikana kwa unyevu. Na bingwa huyo huyo anangojewa na ajali za pikipiki na viharusi.

Mchangiaji (Jang'ombe): Mbona hamuwataji wanawake? Vigezo vya Marekani vya 2021 vya nani aitwe kupimwa ni miaka 50 hadi 80, na sigara kiasi cha paketi moja kwa siku kwa miaka 20. Mama zetu hawajashika sigara, ila wamepikia kuni na kuvuta moshi wake umri wao wote.

Mleta mada: Hoja nzito hiyo. Ushahidi nilioutaja ni wa wavutaji, hatuwezi kuunyoosha hadi jikoni. Ndiyo maana nataka bingwa akae meza moja na daktari wa kifua na wapasuaji kuamua nani aitwe. Wizara ianze na daftari moja la picha za kifua, Unguja na Pemba, lenye simu ya mgonjwa na tarehe ya kurudi. Hilo halingojei mashine mpya.

Muuguzi (Wete): Daftari naliunga mkono. Ila wa kupiga simu awe wa hapa hapa Pemba, na simu isipopokelewa aende kwa sheha, kiongozi wa mtaa, amuulizie mgonjwa.