Mrejesho: ukungu ndani ya gari umeisha

Ndugu zangu, niliuliza juu ya ukungu, yaani kuvu, uliotanda kwenye viti vya gari langu hapa Bukavu, baada ya kulifunga majuma matatu ya mvua. Asanteni sana. Siki nyeupe ilisaidia: nilivaa barakoa, nikafungua milango yote, nikapulizia, nikasugua kwa brashi, nikafuta. Lakini siku ya tatu harufu ikarudi! Wewe uliyesema niinue kapeti, Mungu akubariki. Sponji iliyo chini ya kapeti, upande wa dereva, ukiiminya inachuruzika maji. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka. Mpira nimebadilisha. Sponji niliianika siku nne, maana jua la hapa Kadutu, Bukavu, msimu huu ni la kuvizia. Sasa viti vikavu kabisa, na mwanangu hakohoi tena njiani.