Wauzaji wa mashine za bia za umeme Mbeya na Iringa: maelekezo yenu ni ya Dar, huku maji yanachemka nyuzi 94!

Wakuu wa Nyanda za Juu, uzi huu ni wa malalamiko na sitaupunguza makali. Wauzaji mliomo humu, someni hadi chini.

Mnatuuzia mashine za kupikia bia za chungu kimoja, zile za lita 30 na 35 zenye koili chini, kikapu cha kimea ndani na pampu ya kuzungusha. Bei siyo ya kitoto. Halafu mteja wa Mbeya, Mafinga au Njombe anapewa karatasi ileile ya mtu wa Dar es Salaam: weka nyuzi 100, subiri ichemke, saa ianze kuhesabu. Nyuzi 100 atazitoa wapi? Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na nusu hivi. Njombe ni juu zaidi, huko ni 93 na nusu. Ongeza moto unavyotaka, maji hayavuki hapo, yanageuka mvuke tu.

Matokeo yake ni haya. Mashine inayongoja 100 ndipo ianze kuhesabu dakika haianzi kamwe. Inatokota, lita mbili na nusu hadi tatu zinapotea kila saa, na hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu, bado ziko kwenye pakiti. Mteja akipiga simu anajibiwa "sensa imekufa, ilete". Sensa, yaani kipimajoto cha mashine yenyewe, ni nzima kabisa! Mtu anasafirisha chungu kutoka Makambako hadi mjini kwa kosa ambalo halipo.

Fanyeni hivi, na wauzaji waandike hivi: kama mashine ina sehemu ya kubadili nyuzi za mchemko, weka 93. Kama haina, acha lengo kwenye 100 au zaidi ili koili isikate, tazama kwa macho, na ukiona mchemko umeshika chungu chote anza kuhesabu dakika kwa simu yako. Msiweke lengo 94 kwenye mashine ya aina hiyo, kwa sababu itakuwa inazima na kuwaka, mchemko unalegea kila baada ya muda.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni ushauri wa "kurekebisha kipimajoto". Mnawaambia watu wachemshe maji, kisha waongeze namba mpaka kioo kisome 100. Mnajua mnachoharibu? Umeongeza nyuzi tano na nusu za uongo kwenye kila kipimo. Mtu analoweka kimea akisoma 67, kumbe ndani ni 61 na nusu. Wanga wa shayiri unalainika taratibu mno hapo, sukari inayotoka karibu yote ni ile inayoliwa na hamira, na bia inatoka nyepesi kama maji ya kusuuzia. Kisha mnamlaumu mteja kwamba kimea chake kibovu. Kipimajoto hurekebishwa kwa barafu. Ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika mbili: lazima kisome 0, uwe Iringa au Tanga. Kama sensa imefungwa chini ya chungu, rekebisha kipimajoto cha mkono kwa barafu, kisha linganisha viwili hivyo kwenye maji ya nyuzi 65 huku pampu inazunguka.

Na hopsi. Uchungu wa bia unatokana na asidi za hopsi kubadilika kwa joto la mchemko. Kwenye nyuzi 94 na nusu kasi ya mabadiliko hayo ni kama asilimia 60 tu ya ile ya nyuzi 100. Resipi ya dakika 60 iliyoandikwa Uingereza au Dar, huku inataka karibu dakika 90 kwa hopsi za uchungu. Hesabu na maji: nusu saa ya ziada inakula lita moja na zaidi, kwa hiyo yaongeze mwanzoni. Kimea cheupe cha pilsna nacho kinazihitaji dakika hizo 90, la sivyo bia inabaki na harufu ya mahindi ya kopo. Haya yote ni mistari minne ya karatasi. Mmeshindwa kuchapa mistari minne?

JIBU, Mafinga:
Mkuu umenena, ila umeuacha umeme, na huo ndio unaoua mashine huku. Koili ya wati 2,500 inatoa wati 2,500 kwenye volti 230. Jioni umeme ukishuka hadi 180, nguvu haipungui kidogo kidogo, inashuka kwa mraba: unabaki na wati 1,530 hivi. Lita 30 za maji ya nyuzi 18 zingefika mchemko kwa saa moja na ushee, sasa ni saa moja na dakika 45, bado hujahesabu joto linalopotea kwenye baridi ya Juni. Valisha chungu koti lake au blanketi lisilogusa koki wala waya, anza kazi asubuhi umeme ukiwa na nguvu.

Nao wauzaji wanatoa friji gadi kama zawadi! Friji gadi inakata umeme ukizidi au ukipungua, haipandishi volti hata moja, na nyingi hazibebi ampea 11 mfululizo. Ukitaka stabilaiza ya kweli, ile inayosawazisha volti, kwa mashine hii tafuta ya kVA 5. Ekstensheni ya kuviringisha usiitumie. Ukikosa njia, iwe fupi, waya wa mm² 2.5, na uinyooshe yote. Soketi ikiwa ya moto mkononi, zima. Waya wa athi ni lazima, maana hapo kuna maji, chuma na umeme pamoja.

Kuna pia wanaoleta mashine za Marekani za volti 120. Ya wati 1,500 ukiichomeka kwenye 230 inavuta zaidi ya 5,500. Hiyo haiungui kwa bahati mbaya, imeuzwa ili iungue.

JIBU, Tukuyu:
Naongeza la kimea. Wanatuuzia kilo tano za kimea kizima, halafu wanasema "peleka mashine ya kusaga". Mashine ya unga wa sembe inatoa unga! Unga unapita kwenye kikapu, unatua juu ya koili, unaganda, unaungua, na kinga ya joto inakata. Kimea hupasuliwa kwa rola, nafasi kama milimita 1.2, ganda libaki zima. Ukizungusha pampu kwa nguvu zote kimea kinajikandamiza na maji yanagoma kushuka. Bana koki nusu, acha dakika kumi baada ya kukoroga ndipo uanze kuzungusha.

Wanaochanganya ulezi wetu wa komoni, ile pombe ya kienyeji, wajue kwamba hauna ganda la kuchujia. Weka maganda ya mpunga, Kyela na Mbarali yamejaa kwenye mashine za kukoboa, yaoshe kwa maji ya moto, gramu 250 kwa kilo tano zinatosha. Uji wa ulezi au mahindi upikwe kwenye sufuria nyingine, upoe hadi nyuzi 67, ndipo uingie. Kamwe usiupike ndani ya mashine.

MWENYE UZI:
Asanteni wakuu. Na hiyo kinga ya joto ikikata, watu wanatozwa hela ya ufundi kwa kitufe! Chomoa waya, mwaga, acha ipoe kabisa, geuza chungu, chini kuna kitufe kidogo, bonyeza mpaka kilie. Kisha sugua kilichoungua: loweka usiku kucha kwa maji ya moto na asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chakula kwa lita tano, tumia sponji laini, steelwool inakwaruza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kabla haujarudi chomoa, na ukirudi koroga chini kwanza ndipo uwashe.

Muuzaji anayesema mashine zake "zimefika Nyanda za Juu" aweke hapa karatasi yake ya maelekezo tuione. Kama bado imeandikwa nyuzi 100, arudishie watu waliopeleka sensa nzima kutengenezwa hela yao.