Mtutu wa kalibri 12 umeshika risasi (yale madini laini ya chembe, si kartushi iliyokwama) mbele ya chemba: naitoa namna gani?

Muwinda Kasenga
Jambo yenu bakubwa. Niko hapa Lubumbashi. Bunduki ni ya mitutu miwili sambamba, kalibri 12, kazi ya zamani ya Liège, Ubelgiji. Ndani ya mtutu wa kuume kuna michirizi ya kijivu inayong'aa, inaanza pale chemba (nyumba ya kartushi) inapoishia na kwenda kama sentimita 5 mbele. Kwenye shoki (pale mtutu unapobana karibu na mdomo) iko pia, ila kidogo. Kitambaa chenye mafuta kinapita juu tu, haibanduki. Kartushi ni za 70 mm, bura (kizibo kati ya baruti na chembe) ya feltri, chembe namba 4. Mmoja ananishauri zebaki, mwingine siki na maji ya oksijeni ya famasi. Nimfuate nani?

Fundi Katuba
Usimfuate hata mmoja. Zebaki inakamata risasi kweli, ndiyo maana wazo hilo linazunguka kwa watu waliozoea kuiona kwa wachimba dhahabu. Lakini mvuke wake unaingia mapafuni hata chumba kikiwa baridi, na haunuki. Tena mitutu miwili ya zamani imeunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi: zebaki ikipenya pembeni inakula lehemu, kesho mbavu ya katikati inaachia. Siki na maji ya oksijeni inayeyusha risasi ikawa chumvi ya sumu ndani ya maji, na inang'oa rangi nyeusi ya chuma. Javel (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) ndiyo usiseme kabisa, ni kutu ya usiku mmoja.

Kwanza hakikisha ni risasi. Pale mbele ya chemba kuna vitu vitatu vinavyofanana. Plastiki ya bura inatoka vipande laini kama nta. Kutu iliyochimba haitoki kwa lolote, maana ni shimo. Risasi unaiona ikibadilika: sugua kidogo, itatoka vigamba vyembamba vinavyong'aa. Kwa kuwa bura yako ni feltri, plastiki tunaiweka kando.

Yaya Luapula
Ndugu, fanya hivi. Fungua bunduki, tazama chemba zote mbili kwa macho na kidole, kisha ondoa mitutu kwenye kitako. Weka matone machache ya mafuta ya kupenya (ukikosa, petroli ya taa inatosha, esansi ya gari hapana, inakauka upesi na moto wake ni hatari). Laza mitutu chali, acha usiku mzima. Mafuta hayayeyushi risasi, yanaingia chini yake tu.

Asubuhi chukua brosi ya bronzi ya kalibri 12. Ingiza kutoka upande wa chemba, usukume mpaka itoke yote mdomoni, ndipo uirudishe. Ukigeuza njia katikati, nywele zinapinda na brosi imekufa. Mara 20, futa, tazama kwa taa kutoka mdomoni.

Ikibaki, tafuta shaba. Hapa Katanga hakuna sababu ya kuikosa: menya waya wa umeme wenye nyuzi nyembamba, zungushia nyuzi hizo kwenye brosi kuukuu mpaka iingie kwa kubana. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, lakini ni ngumu kuliko risasi, basi inakwangua moja na kuacha nyingine. Spongi za kusugulia sufuria za soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, zijaribu kwanza kwa sumaku: zikivutika ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, ziache huko huko.

Angalizo: ukitumia dawa yenye amonia, kitambaa kitatoka na bluu-kijani. Hiyo ni brosi yako inaliwa, si uchafu wa mtutu. Watu wanasugua siku nzima wakifuata rangi hiyo.

Mzee Kipushi
Mnasafisha, lakini hamjauliza kwa nini imeshika. Kijana, tazama chini ya mitutu, karibu na chemba, kwenye mihuri ya upimaji ya Liège. Imeandikwa 12-70 au 12-65?

Muwinda Kasenga
Aksanti, mzee. Nimetazama: 12-65.

Mzee Kipushi
Basi jibu ni hilo: chemba yako ni ya 65 mm. Zile 70 mm ni urefu wa ganda likiisha kufunguka. Likiwa limefungwa ni fupi, linaingia vizuri kabisa, ndiyo maana linadanganya. Ukipiga, mdomo wa ganda unafungukia ndani ya koni (pale mtutu unapopungua mbele ya chemba), unabana njia. Bura inachanika, gesi moto inapita pembeni na kuunguza chembe, risasi inapakwa ukutani pale pale unapoiona. Na presha inapanda kuliko ile mtutu wa zamani ulivyopimwa. Simamisha kartushi hizo leo. Tafuta za 65 mm, chembe zilizokazwa kwa antimoni. Ukipata bura yenye kikombe cha plastiki, chembe hazitagusa ukuta.

Usikubali fundi akuchimbie chemba mpaka 70 bila kupima unene wa ukuta. Chuma kinachoondolewa kinatoka mahali presha ilipo kubwa zaidi.

Fundi Katuba
Nakubaliana na mzee. Kama baada ya kusafisha koni inakwaruza kitambaa, kuna vishimo vya kutu, na risasi itarudi hata na kartushi sahihi, ila polepole. Kung'arisha koni ni kazi ya fundi bunduki, si msasa uliofungwa kwenye drili.

Mama wa Annexe
Mmesahau mikono. Vaa glavu, fanyia nje, mbali na jikoni na watoto. Vitambaa vitie ndani ya mfuko na ufunge, usivichome. Nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kuvuta sigara.

Yaya Luapula
Kweli. Na ukimaliza, mtutu umebaki mkavu bila kinga, mvua nazo za Novemba ziko njiani: pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo siku ile ile. Kabla ya kupiga, ufute mtutu tena na kitambaa kikavu, hasa ndani ya chemba.