Mjadala: 10 Oktoba tumpe Lakshmi?

Mleta mada: Wadau, sheria yetu ya sikukuu hapa Kenya inaitaja Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ila mapumziko ni ya Wahindu peke yao. Sasa oneni. Diwali ya 2024 bosi wangu kule Ngara, Nairobi, alitupigisha deki duka zima, hadi kona ambazo panya walishajiandikisha kupiga kura. Akachora maua ya unga wa rangi mlangoni, akapanga vitaa vya mafuta, akanipa boksi la barfi, vile vitamu vya maziwa, halafu huyoo nyumbani kumngoja Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Mimi nikaachiwa funguo. Wanasema Lakshmi haingii penye uchafu wala giza. Basi pale dukani palikuwa safi na pana taa, na wa kumfungulia ni mimi!

Hoja: 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, ikawa Utamaduni, sasa ni Mazingira. Siku ya namna hii inatafuta mwenyewe, basi tumpe Lakshmi wote tupumzike. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, ni majirani. Mauritius wanapumzika wote Diwali, siku ya Shiva na ya Ganesha, miungu mingine ya Wahindu, na nchi inaenda.

Mchangiaji wa 2: Ukiufungua huo mlango utaufungaje? Miungu yao inasemwa ni koti 33, na koti moja ni milioni 10. Kazi tutafanya lini?

Mleta mada: Ndugu yangu, kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, koti ni "aina" vilevile. Wapo wanaosoma aina 33 tu. Unaogopa makoti bure.

Mchangiaji wa 3: Mimi dereva wa matatu, nataka Ayudha Puja, sikukuu ya kuheshimu vifaa vya kazi. Kusini mwa India siku hiyo gari linaoshwa, linavishwa maua, linakanyagishwa ndimu. Na Ganesha, kichwa cha ndovu na kitambi chake, usafiri wake ni panya. Huyo hawezi kuniuliza nimebeba wangapi.

Mchangiaji wa 4: Mwalimu hapa. Saraswati, mungu wa kike wa elimu, msimlete kabisa! Kule Bengal wanafunzi humwekea vitabu vyao, na siku hiyo havisomwi. Wangu hawavigusi hata bila mungu.

Mchangiaji wa 2: Mwaka 2025 Diwali iliangukia 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa. Wote tulipumzika, hakuna sheria iliyoguswa. Mnataka nini tena?

Mleta mada: Wote nani? Siku hiyo pia funguo nilikuwa nazo mimi.