Kiharusi na tiba ya muziki ya ana kwa ana: mgonjwa anafanyishwa nini?

Wakuu, mgonjwa anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki. Kwenye tiba ya muziki atarajie nini?

Jibu: Siku ya kwanza ni kupima tu: anaelewa kiasi gani, anasikia vizuri, anaweza kufuata wimbo anaoujua? Baadaye huchaguliwa maneno ya kila siku, mfano "nataka maji". Mtaalamu huyavumisha mdomo ukiwa umefungwa, kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, ya juu ikiangukia TA na MA, huku akigonga mkono wa kushoto wa mgonjwa mezani: silabi tano, mapigo matano. Kisha huimba pamoja, mtaalamu ananyamaza katikati, mgonjwa anamalizia. Mwishoni anaulizwa, "Unataka nini?"

Jibu: Naongezea. Mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia mara nyingi umelegea. Kosa kubwa ni haraka. Silabi zikikimbizana, anakwama. Na akiimba wimbo mzima wa kanisani au kaswida, msidhani usemi umerudi. Yale hutoka kwa mazoea.

Jibu: Mkuu, ndugu mmoja akae ndani wakati wa tiba ajifunze kugonga. Bila mazoezi ya nyumbani, maendeleo yanaweza kuwa madogo.