Ndege mdogo wa kijani anashona jani la mpera hapa Pune. Ni nani huyu?

Binti_Msafiri
Habarini wadau. Naishi Pune, India, chumba cha chini, na dirisha langu linatazama mpera wa mwenye nyumba. Mvua za huku zimeshakolea na mti umejaa majani mapya. Humo anashinda ndege mdogo kuliko shomoro: mgongo wa kijani iliyopoa, utosi rangi ya kutu, tumbo jeupe lililofifia, mdomo mrefu mwembamba. Mkia anausimamisha wima karibu muda wote. Kelele zake sasa! Hazilingani kabisa na umbo: tuwit-tuwit-tuwit, anaanza alfajiri, akichoka anapumzika kidogo na kuanza upya. Akipaza sauti naona alama nyeusi pembeni mwa koo; akinyamaza siioni tena.

Jana nimeona jani moja limekunjwa, kingo zake zimeunganishwa kwa nyuzi nyeupe. Si kazi ya buibui, maana ndege mwenyewe nimemshuhudia akivuta uzi kwa mdomo. Shida ni kwamba mtunza bustani anakuja kuupogoa huo mti wiki ijayo. Huyu ni ndege gani, na nimwambie nini yule mzee?

KakaMbuyu
Chozi huyo. Wamejaa India nzima.

Mzee_wa_Darubini
Hapana mkuu. Mdomo wa chozi umepinda kwenda chini, na kiota chake huning'inia tawini. Chozi hashoni jani.

Dada, uliyenaye ni ndege mshonaji, kitaalamu *Orthotomus sutorius*. Nimewahi kuishi Kolkata na baadaye Colombo, na kote huko nilikuwa namsikia kabla sijamwona. Ana urefu wa sentimita 10 hadi 14 hivi, na uzito wake hauzidi gramu 10. Eneo lake ni kubwa: Pakistan, India, Sri Lanka, Bangladesh, kusini mwa China, mpaka Java. Msitu mzito haumvutii. Anataka vichaka, kingo za mashamba, bustani za watu, na ndiyo maana mijini humkosi.

Huko Pune ndege wa kukuchanganya ni prinia wa kijivu, kwa sababu naye anasimamisha mkia na wakati mwingine anashona majani. Lakini yule mgongo wake ni kijivu, tumbo lina rangi ya udongo hafifu, na akiruka kwa kushtuka unasikia kitu kinaalika. Kijani cha mgongoni pamoja na utosi wa kutu vinamaliza ubishi.

Hiyo alama nyeusi ni ngozi tupu ya shingoni, inajitokeza manyoya yanapoachana akiita. Dume na jike wote wanayo, kwa hiyo isikusaidie kuwatofautisha. Tazama mkia: msimu wa kuzaa, dume huota manyoya mawili marefu katikati.

Sasa kushona. Anayeshona ni jike. Anachagua jani pana, au mawili yaliyo jirani, anayatoboa kingoni kwa ncha ya mdomo, kisha anapitisha nyuzi: utando wa buibui, pamba, nyuzinyuzi za mimea. Usitegemee mshono mfululizo kama wa cherehani. Kila tundu lina uzi wake, na ncha ya uzi hufumuka upande wa pili ikawa kifundo kisichochomoka. Matundu ni madogo mno, kwa hiyo jani halikauki, linabaki bichi mtini. Juu ya hayo, upande wa juu wa jani ndio anaouacha nje, basi kwa mbali huoni tofauti yoyote na majani mengine. Kiota chenyewe anakijenga ndani ya huo mfuko, kwa vitu laini. Mimi kwa ndege wa uani sijaona fundi wa kumzidi huyu, mnisamehe wapenzi wa mnana.

Nuru_PP
Mimi niko Phnom Penh, Kambodia. Huku tuna mshonaji wetu, *Orthotomus chaktomuk*, ambaye sayansi ilimtambua rasmi mwaka 2013. Alionekana 2009 wakati watu wanapima ndege kwa ajili ya mafua ya ndege, tena ndani ya mipaka ya jiji! Utosi wake pia ni wa kutu, ila mwili ni wa kijivu. Anakaa kwenye vichaka vizito vya bonde la mafuriko la mto Mekong, na vichaka hivyo vinaendelea kufyekwa kwa mashamba na majengo. Huyo wako ana nafuu, bustani yoyote inamtosha.

Binti_Msafiri
Asanteni sana. Mzee, mkia mrefu nimeuona, kwa hiyo wapo wawili. Mtunza bustani niombe asubiri muda gani? Na naweza kulifungua kidogo jani nione mayai?

Mzee_wa_Darubini
Usilifunguefungue, mwanangu. Ukipasua kingo pale kwenye matundu, mfuko unaachia na kila kitu kinamwagika. Isitoshe paka, panya, mijusi na dudumizi wote wanawinda viota hivi, na wewe ukipekua majani unakiacha wazi. Kuna na ndege waitwao kekeo wadogo wa Asia wanaomtegea atoke ili wamtagie humo.

Kwa kawaida hutaga mayai kama matatu, hulaliwa takriban siku 12, na makinda hutoka kiotani baada ya siku 14 hivi. Ukiongeza siku za kushona na kutaga, omba mwezi mmoja na wiki moja ya akiba. Kama mzee hawezi kusubiri, mwonyeshe tawi lenyewe na yale yanayolifunika, apogoe upande wa pili tu. Mwambie pia asipulize dawa: washonaji hao wanakula viwavi na wadudu wa huo mpera kutwa nzima.

KakaMbuyu
Dada, ukipata picha ya ule mshono tuwekee hapa, lakini piga ukiwa dirishani.