Katuni za midoli za Krismasi, nani mwingine anazipenda?

Wadau habari, mi niko Marekani mwaka wa sita sasa na kila Desemba watoto wananikalisha tuangalie Rudolph, yule kulungu wa Santa mwenye pua nyekundu, ile ya midoli ya 1964, mwanzoni nilikuwa naona vituko tu, wanatembea kwa kushtukashtuka kama gari lenye plagi mbovu, sasa hivi mi ndo wa kwanza kushika rimoti. Ni mimi tu? Na hii kitu walitengenezaje?

Jibu 1
Haupo peke yako mkuu 😂 Kampuni iliyoitengeneza, Rankin/Bass, ilikuwa New York ila midoli ilichezeshewa Tokyo kwa fundi Tadahito Mochinaga, sauti zikarekodiwa Toronto. Unasogeza mkono wa mdoli kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, na sekunde moja tu ya filamu ni picha 24. Mi ningeacha siku ya kwanza.

Jibu 2
Kilichoniua mimi ni mwaka pale mwanzoni, wameandika kwa namba za Kirumi wakasahau M, inasomeka 1164 😂😂 yani filamu imemtangulia Vasco da Gama

Jibu 3
Mi nalia na vile vitoi vilivyotupwa kisiwani. Mara ya kwanza ilivyorushwa Santa hata hakurudi kuvichukua, watu wakaandika barua kulalamika, 1965 wakaongeza kipande akavifuata.

Mwuliza swali
Kumbe! Afadhali maana mwanangu angesusa kula. Yule zimwi la theluji likitokea anajificha nyuma ya kochi, anachungulia kwa jicho moja, likishang'olewa meno ndo anarudi kukaa